Tupeane uzoefu: ulinunuaje laptopu hapa Nairobi, na bei mliongeaje?

Mama wa Githurai
Hamjambo wenzangu. Binti yangu anaingia chuo kikuu mwezi ujao, anasomea uhasibu. Zamu yangu ya chama imefika, Sh 45,000, na nyuma ya hiyo sina nyingine. Jumamosi nilishuka mjini, nikaanzia Moi Avenue nikaishia Luthuli. Kila mlango kuna kijana: "Mama, karibu, laptopu ni huku." Mmoja aliapa kwamba HP ndiyo chuma, wa pili akasema Lenovo, wa tatu Dell, na kila mmoja akanionya kwamba hizo zingine zitaniliza. Nilirudi nyumbani miguu ikiuma, pesa bado ziko kwenye simu. Naomba mnieleze yaliyowapata nyinyi wenyewe, si ya kusikia.

Mkaazi wa Umoja
Pole na mzunguko, mama, na heri ulirudi na pesa zako. Mimi mwaka 2023 nilikuwa na Sh 32,000 na nilitaka mpya, ya kufunguliwa katoni mbele yangu. Nikaipata. Nailoni bado iko juu ya kioo, waranti mwaka mzima. Sikuuliza chochote isipokuwa jina lililoandikwa kwenye kifuniko. Kumbe ndani kuna RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4 na hifadhi ya GB 64 iliyochomelewa kwenye bodi. Mwezi wa tatu Windows ikakataa kujisasisha, nafasi imeisha. Fundi aliifungua, akaiangalia, akaifunga: hakuna pa kuongezea. Niliiuza Sh 13,000, na roho iliniuma kwa sababu pesa ile nilikuwa nimeiweka kidogokidogo mwaka mzima.

Mwaka uliofuata nikachukua iliyotumika Uingereza, HP EliteBook 840 G5, Sh 36,000. Ina mkwaruzo kwenye kona, lakini ndiyo ninayofanyia kazi hadi leo. Kilichonifungua macho ni kwamba kampuni moja hutengeneza za bei ya chini na za maofisini, zote zikibeba jina lile lile. HP za ofisini ni EliteBook na ProBook, Dell hadi 2025 zilikuwa Latitude, Lenovo ni ThinkPad. Linganisha hizo kwa hizo.

Fundi Ghorofa ya Tatu
Natengeneza mashine kwenye eksibisheni moja hapo Tom Mboya, kwa hivyo ninachoandika nakiona kila siku.

Mama, ukiambiwa "hii ni i5", yaani prosesa ya Intel, ubongo wa mashine, usitosheke. Uliza ni i5 ya kizazi cha ngapi. Zile i5 za laptopu nyembamba za kizazi cha 7 zina viini 2. Za kizazi cha 8 zina 4. Halafu Windows 11 rasmi inataka kizazi cha 8 kwenda juu, isipokuwa chache sana, na Windows 10 Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Sasa, EliteBook 840 G4 na 840 G5 kwa mbali ni kama mapacha. G4 ni kizazi cha 7, G5 kwa kawaida ni cha 8. Tofauti ya bei dukani inaweza kuwa ndogo, na mtu anaona ameokoa pesa. Binti yako atakaa na mashine miaka minne. Usishuke chini ya 8.

Betri ndiyo inayowaponza wengi. Kuna mteja aliniletea laptopu aliyonunua asubuhi hiyo, anasema inazima njiani. Nikafungua dirisha jeusi la amri, nikaandika powercfg /batteryreport, ikatoa ukurasa. Unasoma namba mbili: uwezo wa betri ilivyotoka kiwandani, na kiasi inachoweza kubeba leo. Yake ilitoka na 50,000, imebaki na 29,000. Nikamwambia apige picha ukurasa ule arudi nao dukani kabla hawajafunga. Walimbadilishia betri bila kelele. Hilo jambo ni la dakika mbili, lifanye kabla ya kulipa.

Na uinamishe kioo, ukitazame ukiwa pembeni. Kama picha inageuka giza, hicho ni kioo cha bei ya chini, na macho ya mwanafunzi yatateseka.

Msusi wa Kawangware
Yangu ni fupi. Niliuziwa kwa mtu barabarani, nzuri sana, bei ya kutupa. Ndugu yangu alipoifuta na kuianzisha upya ikadai baruapepe ya kampuni fulani ya ng'ambo, na haikupita hapo tena. Mwambieni muuzaji aifute na kuiwasha upya mbele yenu, ikiwa na intaneti. Akisema hana muda, ondokeni.

Mwalimu wa South B
Nieleze ya bei, maana hapo ndipo nilipopambana kwelikweli. Nilichagua modeli nikiwa nyumbani: Dell Latitude 7490, i5 kizazi cha 8, RAM ya GB 8, SSD (hifadhi) ya GB 256. Nikaandika kwenye karatasi. Jumanne asubuhi, mji ukiwa bado umetulia, nikapita maduka manne na swali moja tu: hii hasa ni ngapi? Nikapata 42,000, 41,000, 39,500 na 39,000. Sikubishana na mtu. Nikaandika bei zote.

Nikarudi kwa yule wa 39,500 kwa sababu ndiye aliyenipa kiti na kuniachia mashine niishike. Nikaweka karatasi mezani aione. Nikamwambia, "Kijana wangu, wenzako wamenipa hizi. Wewe ndiwe ninayetaka kukununulia. Nikulipe 35,000?" Akacheka, akasema, "Mwalimu, hapo unaniua. Panda kidogo." Nikanyamaza. Kunyamaza ni kugumu, mkono unataka kuongeza. Akashuka hadi 38,000, nikapanda 36,000. Tukakwama 37,000. Hapo nikaacha pesa, nikageukia vitu: nikamwomba aongeze RAM ya GB 8 nyingine, kwa sababu 7490 ina nafasi mbili na moja ilikuwa wazi. Akatazama stoo, akatazama simu, akasema sawa, ila nifanye 38,500. Nikakubali. Na waranti ya miezi sita akaiandika juu ya risiti, si ya mdomo.

Muuzaji shilingi hataki kuiachia, lakini kitu kilicho kwenye kabati lake huachia kwa urahisi zaidi. Hapo ndipo nilipopatia.

Karani
Mimi nanunulia ofisi yetu laptopu mpya pekee, kwa hivyo nina mawili. La kwanza, uliza kama bei ina VAT. Asilimia 16 juu ya Sh 60,000 ni 9,600, na kuna mahali utatajiwa bei tamu kisha ukiitisha risiti ya KRA, mamlaka ya kodi, inapanda. La pili, nambari ya mashine huwa imechapwa kwenye katoni. Iingize kwenye tovuti ya mtengenezaji ukiwa dukani. Mwaka jana moja ilionyesha waranti ilishaanza kuhesabiwa miezi kumi nyuma, na katoni haijafunguliwa. Nilimwonyesha muuzaji simu yangu, akapunguza Sh 5,000 na kuongeza kipanya.

Muuza Luthuli
Naruhusiwa? Mimi nauza. Mama, kijana anayekuvuta mlangoni mara nyingi si wa duka. Ni broka, na chake kinawekwa juu ya bei yako. Ingia mwenyewe, hata ghorofani, ambako kodi ni nafuu. Anayekuja akitaja modeli nzima namheshimu, sianzi naye juu. Anayetaka nusu bei kisha anaenda, siku akirudi sina hamu naye. Na ulipe kwa till ya duka, jina unalothibitisha lifanane na la kwenye risiti.

Mama wa Githurai
Wenzangu, nimerudi kutoka mjini sasa hivi na mikono bado inatetemeka. Nilienda Jumanne kama Mwalimu, na karatasi yangu. ThinkPad T480, kizazi cha 8, RAM 8, SSD 256. Walianza 43,000. Kijana aliponionyesha ukurasa wa betri niliona namba za betri mbili, nikaona nisipige kelele hapa, nikamwandikia Fundi faraghani, akaniambia T480 hubeba mbili, moja ndani na moja nyuma ya kuchomoa. Ya ndani ilikuwa nzima, ya nyuma imechoka. Nikasema nitalipa 39,000 akiibadilisha, la sivyo 37,000 kama ilivyo. Akaingia ndani, akarudi na nyingine, tukaipima tena pamoja, nikalipa 39,000. Waranti miezi sita, imeandikwa.

Binti ameiweka mezani na anaandika jina lake kwa herufi kubwa, analifuta, anaandika tena. Zimebaki Sh 6,000. Nani anajua begi imara isiyopitisha maji, na mtaa gani?