Fundi wa viti Mwanza kafunika uozo kwa kitambaa kipya kwenye gari la marehemu baba, kachukua 420,000

Wakuu habari za jioni.

Nimejizuia wiki tatu nisiandike nikiwa na hasira, leo nimeshindwa. Nimefungua siti ya dereva hapa uani kwangu Buhongwa, nikatoa kilichomo ndani yake, na mpaka sasa naandika mikono inatetemeka. Uzi ni mrefu. Mwenye gari la zamani anayefikiria kulipeleka kwa fundi "likatengenezwe ndani" naomba avumilie asome lote.

Gari ni Toyota Mark II GX 100 ya mwaka 1998. Lilikuwa la baba yangu, mwalimu mstaafu, Sengerema. Miaka yote ile kabla daraja la Kigongo–Busisi halijafunguliwa Juni 2025, alikuwa anavuka nalo kwa kivuko kuja mjini. Mliopita pale mnaijua ile foleni. Masaa mawili, matatu, gari limesimama juani, vioo vimefungwa kwa sababu ya vumbi la malori. Jua ndilo lililolila ndani. Dashibodi ikapasuka upande wa abiria, kitambaa cha dari (hii silingi ya juu) kikaachia mpaka kinamgusa kichwani aliyekaa nyuma, siti ya dereva ikachanika pale paja linaposugua kila unapoingia. Kapeti nalo lilibeba dagaa wa mama kutoka Mwaloni Kirumba kwa miaka, maji yake yakazama chini. Injini yenyewe haina neno hata leo. Baada ya msiba ndugu walitaka tuliuze tugawane, nikawaambia nipeni mimi, nitalirudisha lilivyokuwa siku mzee analileta nyumbani.

Nikaelekezwa kwa fundi mmoja maeneo ya Nyakato. Jina sitaji, siyo lengo langu. Tukakubaliana kazi tatu: dari, siti zote, kapeti. Bei 420,000, nikatanguliza 250,000. Na nilimwambia kwa kinywa changu, "Fundi, cha zamani toa chote kwanza, hata kama itachukua muda." Akanijibu, "Bosi, hiyo kazi ndogo, Jumamosi unachukua gari lako." Jumamosi ya kwanza umeme ulikatika. Ya pili kitambaa kilikuwa njiani kutoka Dar. Gari nililichukua siku ya kumi na moja.

Nakiri siku ile nilifurahi. Lilikuwa linang'aa. Nikamalizia hela yote bila kuinua hata kapeti moja, nikampa na dogo wake elfu tano ya soda. Nikampeleka mama kanisani. Alipokaa mbele alipapasa siti kimya kimya, halafu akasema, "Baba yenu angeiona hii." Hilo neno ndilo linaloniuma kuliko ile hela.

Siku ya tisa tangu nilichukue, niliegesha Mlango Mmoja saa sita mchana, nikarudi saa nane. Nafungua mlango, dari limeshuka lote katikati, limevimba kama tumbo la mbuzi aliyekufa, na gari zima linanuka gundi ya viatu. Nikampigia. Jibu lake: "Bosi, hilo ni jua la Mwanza, we jitahidi kuegesha kivulini."

Jua la Mwanza! Dari la kiwandani lilikaa chini ya jua hili hili miaka na miaka ndipo likaachia. La kwake limekaa siku tisa. Sisi tuko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa Ikweta, jua linatupiga utosini, na gari lililofungwa vioo likikaa juani joto la ndani linaweza kukaribia nyuzi 60. Bati la paa ni moto kuzidi hapo, na ndilo lililogusana na dari. Gundi ya kawaida ya viatu kwenye joto hilo inalegea inakuwa kama ugali mbichi. Fundi anayefanya kazi hii kila siku hapa Mwanza hawezi kuniambia halijui hilo jua.

Nikaamua silirudishi kwake. Nikaanza kulifungua mwenyewe nyumbani, jioni baada ya kazi, na ndipo nilipoanza kuona nilichouziwa.

Dari kwanza. Ili litoke lazima ufungue vishikio vya mkono, vizuia jua, taa ya ndani, plastiki za nguzo za pembeni na mpira wa mlango, ndipo ule ubao wake ushuke mzima. Yeye hakuushusha kabisa. Alichana kitambaa cha zamani kikiwa kule kule juu, akabandika kipya. Nimekuta pini za kubandikia matangazo kumi na saba zimechomekwa kuzunguka kingo, zimefichwa chini ya mpira wa mlango. Nilizihesabu.

Halafu nikavuta kitambaa. Wakuu, kitambaa cha dari cha kiwandani kinakuja kimeshikana na sponji nyembamba, milimita tatu hivi. Joto na unyevu wa miaka vinaivunja hiyo sponji inakuwa unga wa rangi ya machungwa. Ndiyo maana kitambaa kinashuka. Siyo kwamba gundi peke yake imeisha nguvu, kile ilichokuwa imeshikilia ndicho kimegeuka vumbi. Sasa ukipaka gundi mpya juu ya vumbi, umegundisha vumbi. Kazi kubwa ya dari ni kuusugua ubao kwa brashi laini, taratibu usiuvunje, mdomo na pua umefunga kitambaa, mpaka unga wote uishe na mkono ukipita juu yake usichafuke. Mimi ilinichukua jioni mbili. Yeye hakusugua hata dakika moja. Unga wote ulikuwa pale pale, umechanganyika na gundi yake, umekuwa mabonge.

Kapeti. Nilimwomba atoe lile feli la chini, yaani ule utandiko mnene unaokaa kati ya kapeti na bati, alifue au aweke jingine, kwa sababu ya harufu ya dagaa. Alichofanya ni kutandika plastiki, ile ya sebuleni yenye mfano wa vigae, juu ya feli bichi lililoloa, na kapeti jipya juu yake. Harufu akaiziba kwa manukato mawili ya kuning'iniza. Maji yaliyoliloanisha hilo feli yalikuwa yanatoka kwenye AC, ule mpira wa kutolea maji nje umeziba, yanarudi ndani upande wa abiria. Ni jambo la kupitisha waya mwembamba na kupuliza, dakika tano. Sasa maji yakaendelea kuingia huku juu yamefunikwa na plastiki, hayana pa kukaukia. Nimeinua plastiki nikakuta bati linabanduka magamba, sehemu moja karibu na miguu ya abiria nimebonyeza kwa bisibisi ikatoboka. Kabla ya fundi huyu bati lile lilikuwa zima, nilikuwa nimeliangalia mwenyewe mwezi wa tatu.

Leo ndiyo siti. Na hapa naomba mnisikilize vizuri.

Siti ya mbele inashikwa na bolti nne, spana namba 14. Ya dereva nimekuta tatu. Moja kati ya hizo tatu siyo yake, ni fupi, imelazimishwa mpaka imekula meno ya nati iliyochomelewa kwenye bati. Kwenye gari hili kile kipokeo cha mkanda kimefungwa kwenye fremu ya siti. Siti iking'oka kwenye ajali, mkanda unang'oka na wewe. Mama yangu amepanda gari hili. Mimi nimepita nalo Usagara hadi Misungwi mwendo wa 100 nikiwa nimekalia bolti mbili na nusu.

Ndani ya kava, sponji siyo ya Toyota. Sponji ya kiwandani inamiminwa kwenye kalibu, ni nzito, ina umbo la mgongo na mapaja, na nyaya zake zimo ndani humo. Ile ya mzee ilikuwa imebonyea kidogo upande wa mlango tu, ya kuongezea kipande. Nilichokuta ni vipande vya godoro la kawaida vya rangi tatu tofauti, vimegundishwa, na katikati ameshindilia kiroba kilichokunjwa. Kiroba cha unga. Maandishi "kilo 25" yanasomeka. Siti zote mbili za mbele hivyo hivyo.

Nimempigia kumuuliza sponji zangu ziko wapi. "Zilikuwa zimekufa bosi, nilitupa." Fundi wa viti hatupi sponji nzima ya GX 100, kila mtu anajua inavyotafutwa. Alipoona nimenyamaza akaniambia nilete gari anirekebishie dari bure. Huyu mtu bado anadhani nalalamikia dari.

Ninachofanya sasa. Ubao wa dari ni msafi. Nimeagiza kitambaa chenye sponji yake nyuma na gundi ya kopo inayostahimili joto. Hiyo unapuliza pande zote mbili, unasubiri mpaka ukigusa inanata bila kuloanisha kidole, unaanza katikati ya ubao unakwenda pembeni kwa kiganja, halafu unaiacha siku nzima kabla ya kurudisha kwenye gari. Bati nasugua kutu, kipande kilichotoboka atachomelea jirani yangu, ndipo rangi. Feli nimelitupa. Dashibodi siigusi kwa sasa, aliipaka kitu cha mafuta kinachong'aa mpaka jua linarudi kwenye kioo cha mbele, nimekifuta kwa maji ya sabuni mara nne bado hakijaisha.

Na mnaofungua siti wenyewe: kama chini yake kuna plagi ya njano, hiyo ni ya mfuko wa hewa au mkanda. Toa waya wa hasi wa betri, subiri angalau sekunde 90, ndipo uiguse.

Jumamosi asubuhi nakwenda kwake na mwenyekiti wa mtaa wake, tayari tumeongea. Nabeba kile kiroba, pini zote kumi na saba na ile bolti fupi, navimwaga mezani kwake. Ya dari na kapeti tutaongea hela. Sponji mbili za siti za mbele nazitaka zenyewe, ama aseme kamuuzia nani.

Kama kuna mdau Mwanza, Geita au Shinyanga ana GX 100 iliyokufa au anajua ilipo, naomba sponji ya siti ya dereva na ya abiria, hata kama kitambaa kimeoza chote, na bolti nne za siti zenye nati zake. Nauli ya kuzifuata nitagharamia mimi. Njoo PM.