Watu 14 kwenye mgahawa wa Kisalvador: pupusa za kushirikiana, sahani au supu?

MamaNasra_SilverSpring
Hamjambo ndugu zangu. Jumamosi wifi yangu anafika kutoka Mombasa. Tutakuwa 14, watoto watano na wazee wawili humo. Nawaza migahawa ya Kisalvador (ya watu wa El Salvador) ya Langley Park hapa Maryland, Marekani, bei zake tunazimudu. Tuagize pupusa, ile mikate yao minene ya mahindi yenye kujazwa ndani, tuweke katikati, au kila mtu sahani yake ya nyama choma, wali na maharage? Na ile supu ya wikendi je?

Kipanga_MD
Pupusa, dada. Mara ya mwisho sahani ya nyama tulilipa dola 17, pupusa moja dola 3 na nusu. Mtu mzima anashiba kwa tatu, mtoto moja au mbili, basi piga hesabu ya 35. Na ni chakula cha mkono: wenyewe hawashiki uma. Unamega, unachota curtido, ile kabichi yao ya siki iliyo kama kachumbari, unamwagia sosi ya nyanya. Wazee watajiona nyumbani.

BintiTanga
Mama Nasra, kwanza nguruwe. Revuelta ni jibini, maharage na nguruwe vimechanganywa. Chicharrón ya ndani ya pupusa ni nguruwe aliyesagwa, hata ukiifungua huenda usimtambue. Maharage nayo mara nyingi hukaangwa kwa mafuta yake, na pupusa zote huiva juu ya bamba moja. Sisi huagiza za jibini tupu, au jibini na loroco, vitumba vya ua vyenye harufu yake ya pekee, tamu sana. Tunaomba wapanguse bamba kwanza. Mgahawa mmoja walikubali kwa moyo mkunjufu, mwingine walisema hawawezi, tukaondoka.
Sahani za nyama kwangu zimeshatoka. Nani amechinja?

MzeeWaKigoma
Mimi nasimama na supu. Hiyo ya wikendi, sopa de pata, ni makongoro, jamani! Kwato za ng'ombe, utumbo, mhogo, mahindi, ndizi. Siku ya kwanza nilinyamaza hadi bakuli likaisha. Wasalvador wengi walifika huku wakikimbia vita vya kwao El Salvador vya 1980 hadi 1992, na sisi wa Kigoma tunajua mkimbizi anavyobeba jiko lake moyoni.

Kipanga_MD
Mzee wangu, shikamoo. Supu nzuri, ila bakuli halizunguki watu 14.
Mama Nasra, pupusa hufinyangwa kwa mkono ukishaagiza, kwa hiyo 35 kwa mpigo ni kusubiri kweli. Piga simu mapema. Watoto waanze na ndizi mbivu za kukaanga. Mhogo wa kukaanga pia upo, lakini huja na vipande vya nguruwe juu, sema usiwekewe. Mwenye mzio wa karanga asinywe horchata, kinywaji chao cha mbegu za kusaga, kabla ya kuuliza. Na tazama bili: kwa kundi kubwa bakshishi huwa imeshaongezwa, msije mkalipa mara mbili.

MamaNasra_SilverSpring
Mungu awabariki. Basi pupusa 20 za jibini, 15 za loroco, ndizi, na juisi ya ukwaju. Mzee wa Kigoma, supu yako nitakuletea kwenye chupa. Binti, "bila nguruwe" kwa Kihispania?

BintiTanga
Sin cerdo. Kwa maharage ongeza sin manteca, yaani bila yale mafuta.