Madai ya ulemavu wa goti yamekataliwa: nikate rufaa kwa njia ipi?

Askari wa Zamani, Minnesota
Ndugu zangu, salaam. Nilizaliwa Kenya, nikajiunga na jeshi la nchi kavu la Marekani, nikatumikia miaka minne na kuondoka kwa heshima. Katika mazoezi ya kutembea na mzigo mzito nilianguka nikaumia goti la kulia. Nilikwenda zahanati ya kambi mara moja tu, nikapewa dawa za maumivu na kurudi kazini, kwa kuwa kila aliyevaa sare anajua jinsi anavyotazamwa askari anayezoea mlango wa daktari. Leo gegedu ya goti hilo imelika. Madai yangu ya fidia kwa Idara ya Masuala ya Maveterani, yaani idara ya serikali ya Marekani inayowahudumia askari wa zamani, yamekataliwa kwa maelezo kwamba hakuna matibabu yaliyoandikwa kwa miaka mingi baada ya jeraha, na kwa hiyo uhusiano wa goti langu la leo na jeraha la jeshini haujathibitika. Barua ina miezi mitatu sasa. Je, niende moja kwa moja kwa jaji?

Msaidizi wa Madai
Pole, kaka. Kabla ya kugusa fomu yoyote, isome tena sehemu ya barua inayoeleza sababu. Idara ya Masuala ya Maveterani hutaka mambo matatu: maradhi yaliyopo sasa, tukio la wakati wa utumishi, na maoni ya kitabibu yanayounganisha hayo mawili. Mawili ya kwanza unayo. Kilichopungua ni hayo maoni ya kuunganisha.

Tangu Februari 2019 njia ni tatu. Mapitio ya ngazi ya juu, ambapo afisa mwandamizi husoma upya faili lile lile, hayapokei hata karatasi moja mpya, hivyo humfaa mtu ambaye faili lake limekamilika lakini limesomwa vibaya. Bodi ya Rufaa za Maveterani, kwa fomu 10182, ina majaji, na unaweza kuomba usikilizwe, ila foleni yake ni ndefu na mimi nisingeanzia huko. Wewe unahitaji ushahidi mpya, basi njia yako ni madai ya nyongeza, fomu 20-0995. Iwasilishe kabla ya mwaka mmoja kutimia tangu tarehe ya barua, kwa sababu ukiwahi na ukashinda, malipo kwa kawaida huhesabiwa tangu ulipofungua madai ya awali. Ukichelewa bado utapokelewa, lakini malimbikizo hayo utayapoteza.

Muuguzi, Houston
Naongeza kuhusu barua ya daktari, kwani hapo ndipo wengi hukwama. Daktari akiandika kwamba goti "huenda" liliumia jeshini, amekuandikia karatasi isiyo na uzito. Kipimo cha sheria ni uwezekano wa angalau asilimia 50, na ushahidi ukilingana pande zote mbili, shaka humwendea askari. Daktari aseme amesoma kumbukumbu za zahanati ya kambi, kisha aeleze kwa nini jeraha la aina ile huweza kula gegedu polepole. Sababu zina nguvu kuliko hitimisho.

Kuhusu ile miaka mitupu, katika kesi ya Buchanan ya mwaka 2006 mahakama ya rufaa ilisema kwamba kukosekana kwa kumbukumbu za hospitali za wakati huo, peke yake, hakutoshi kuutupa ushahidi wa mtu wa kawaida. Mkeo aliyekuona ukichechemea ni shahidi.

Askari wa Zamani, Minnesota
Nashukuru sana. Mwenzangu aliyeniona nikianguka amerudi kuishi Mombasa. Maneno yake yatakubalika? Tena kuna wakili anayetaka theluthi ya malimbikizo.

Msaidizi wa Madai
Yatakubalika. Ajaze fomu 21-10210, aeleze alichokiona kwa macho yake na mahali alipokuwa, wala asijaribu kutoa maoni ya udaktari. Akiandika kwa Kiswahili, ambatanisha tafsiri ya Kiingereza.

Wakili anaruhusiwa kutoza baada ya uamuzi wa kwanza, nawe umekwisha kuupata. Asilimia 20 ya malimbikizo huhesabiwa kuwa ada ya haki, na inayozidi theluthi huhesabiwa kuwa imepita kiasi. Huyo wako amesimama ukingoni kabisa, na kwa madai ya nyongeza sioni sababu ya kumlipa kiasi hicho, wakati wawakilishi walioidhinishwa wa vyama vya askari wa zamani kama DAV, VFW na American Legion hukuandalia faili bila malipo. Wakili mweke akiba kwa ajili ya Bodi.

Ukiitwa tena kupimwa, usijikaze kijeshi: mweleze daktari hali ya goti siku linapokuwa baya zaidi, na umwambie ni ngazi ngapi unazoweza kupanda kabla ya kusimama.