Wenye viwanda vidogo Kigoma: bima gani imewahi kukufaa? Tupeane uzoefu

Wakuu, habari za jioni. Natengeneza sabuni za mche hapa Ujiji, kwa mawese na mise (mafuta ya kiini cha mchikichi). Bima ninayoijua ni ya pikipiki, ile ya kumwonyesha trafiki. Sasa nina mashine, stoo na vijana wanne. Mliokatia bima kiwanda, ikalipa au ikagoma, semeni. Mawakala wenye matangazo kaeni pembeni kwanza.

Mkamuaji wa Mwandiga: Moto wa kuchemshia mawese ulishika paa la banda langu. Vitu vyote mle ndani vilikuwa na thamani ya kama milioni 20, lakini wakala alishauri tuandike 10 ili ada iwe nafuu. Hasara ikawa milioni 4. Nikalipwa 2! Hesabu yao ni kwamba umekatia nusu, basi na hasara utalipwa nusu, hata kama haijafika hiyo 10. Nilibisha sana, ila kipengele kipo kwenye mkataba, kwa maandishi yale ya sisimizi. Kwa hiyo mashine zikipanda bei, au ukiongeza nyingine, nenda kabadilishe thamani.

Seremala, Kibirizi: Ziwa lilipopanda, maji yaliingia karakana, mbao zikavimba na mota ya randa ikafa. Bima ya moto nilikuwa nayo hai kabisa. Jibu: mafuriko ni nyongeza, yanalipiwa peke yake. Sisi wa ufukweni tusikatie moto peke yake, tuongeze na maji.

Mama Unga: Wizi nao uliza vizuri. Mimi walitaka waone kufuli limevunjwa, pamoja na ripoti ya polisi. Kijana wako mwenyewe akibeba madumu usiku kwa ufunguo uliompa, hiyo kwa kawaida haimo.

Wa Kasulu: Mimi nilikatiwa na benki kwenye mkopo. Someni hati: anayelipwa kwanza ni benki, na wewe unapata kinachobaki.

Mhasibu wa mtaani: Mleta mada, umetaja vijana wanne ukapita haraka. Kwa mwajiri, WCF (Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi) si hiari, ni sheria. Ni asilimia 0.5 ya mishahara, unalipa wewe, huwakati wao. Kostiki ya sabuni ikimrukia mtu machoni, matibabu na fidia vinatoka huko, kwa hiyo sajili, na ajali ikitokea toa taarifa. Na hizo bima nyingine, ukipewa hati ihakiki TIRA MIS (mfumo wa mtandaoni wa mamlaka inayosimamia bima) kwa simu yako ukiwa bado hapo ofisini. Hati feki zinazofanana na za kweli hata steshenari zinachapwa.

Mleta mada: Asanteni, wakuu. Thamani naandika upya wiki hii, na WCF naifuata. Swali limebaki: mteja akidai sabuni yangu imemuunguza ngozi?

Mhasibu wa mtaani: Hiyo ni bima ya dhima ya bidhaa, bima ya moto haihusiki hapo.

Mleta mada: Kuna mtengeneza sabuni yeyote huku kwetu ameshaikata? Aje na bei.