Kurekodi mkutano wa bajeti ya kaunti na simu, inaruhusiwa?

mwana_wodi: Wadau naomba msaada. Juzi tulikuwa kwa ule mkutano wa kutoa maoni ya bajeti, nikatoa simu nirekodi vile afisa anajibu swali la maji, askari akaja akaniambia zima hiyo futa kila kitu. Nikafuta sababu niliogopa. Alikuwa na haki kweli??

KijanaWaPwani: Pole sana bro. Hakuna mtu wa kukufutisha vitu kwa simu yako hivihivi, angeleta amri ya korti. Katiba ya Kenya ya 2010 kipengele cha 196 kinasema bunge la kaunti lifanye vikao vyake wazi, na za kamati pia, wananchi na waandishi hawafukuzwi mpaka spika aone kuna sababu maalum.

mama_Zuhura: Hapo usichanganye mambo wangu, kuingia ni kitu ingine na kurekodi ni kitu ingine. Ndani ya bunge kuna kanuni zao, uliza karani kwanza. Lakini ile ya maoni inafanyika chini ya mti ama kwa soshal holi ni baraza tu, kila mtu ana simu.

mwana_wodi: Ilikuwa soshal holi

mama_Zuhura: Basi rekodi afisa anayeongea. Mama akisimama kueleza shida za nyumbani kwake usimrekodi uso ukapost, kuna sheria ya kulinda data za watu ya 2019, na hata bila sheria ni aibu jamani. Na next time kaa mbele, sauti za huko nyuma hazishikiki