Safari ya matanga Mediterania: visiwa vya Cyclades au pwani ya Lycia?

Mwalimu wa Pongwe (Tanga) anauliza:

Habari zenu, ndugu wanajukwaa. Mimi na mke wangu tunakusudia kusafiri mwakani kwa chombo cha matanga, kwa muda wa wiki moja hivi, upande wa mashariki wa Bahari ya Mediterania, na shabaha yetu ni kuyaona magofu ya kale kutoka baharini kabla ya kuyakanyaga. Nimefundisha historia hadi nikastaafu, na kila nilipowapeleka wanafunzi Tongoni niliwaeleza kwamba msikiti ule na makaburi yale ni kazi ya watu walioishi kwa bahari, hivyo anayefika kwa barabara anaingilia mlango wa uani. Sasa ningependa kuingia miji ya kale ya Wagiriki na majirani zao kwa mlango wa mbele.

Tumeletewa mapendekezo mawili. La kwanza linaanzia Piraeus, bandari ya Athens, na kupitia visiwa vya Cyclades, yaani Mykonos, Delos na Naxos, hadi Santorini. La pili liko Uturuki, kwa chombo cha mbao kiitwacho gulet, kutoka Bodrum au Fethiye kuelekea mashariki hadi Kekova na Demre. Bei zake hazipishani sana. Mke wangu hulewa bahari upesi, nami si kijana tena, ingawa kilima bado nakipanda. Hatubanwi na likizo, kwa hiyo mwezi wowote unatufaa. Wenye uzoefu, naomba mnielekeze: twende wapi, na lini?

Nahodha Mstaafu (Mombasa) anajibu:

Mwalimu, salaam. Kabla ya kuchagua magofu, chagua kwanza upepo. Bahari ya Aegean, iliyo kati ya Ugiriki na Uturuki, ina upepo wa kaskazini ambao Wagiriki wa leo huuita meltemi, na ambao mabaharia wao waliupangia safari tangu enzi za kale. Huwa mkali zaidi Julai na Agosti, miezi ileile ambayo watalii humiminika huko. Sisi wa pwani hii tumezoea kukisoma kisulisuli angani kabla hakijafika, lakini meltemi huvuma mbingu ikiwa nyeupe, bila wingu la kumwonya mtu, na unaweza kufika daraja la saba au la nane la kipimo cha Beaufort cha nguvu za upepo na kukaa hapo siku kadhaa mfululizo. Cyclades ndizo zinazopigwa zaidi, kwa kuwa ziko katikati ya njia yake. Anayetoka Piraeus kwenda Santorini huupata kwa nyuma na kufurahi. Akilazimika kurudi kwa chombo hichohicho, ndipo anapokwenda joshi, yaani kuukabili upepo, siku nzima huku abiria wameshika ndoo. Kwa mtu anayelewa bahari, siwezi kuipendekeza njia hiyo katika miezi ya kiangazi.

Pwani ya kusini-magharibi ya Uturuki nayo haifanani kote. Kati ya Bodrum na ncha ya rasi ya Datça meltemi bado una meno, lakini ukishapita Marmaris, na hasa kutoka Fethiye hadi Kekova, milima mirefu na ghuba nyingi hukupa kimbilio karibu kila baada ya saa chache. Mimi ningeanzia Fethiye, na ningekwenda kati ya Septemba na katikati ya Oktoba, wakati maji bado yana joto na upepo umeshalegea. Mei pia ni mwezi mwema kwa kutembea katika magofu, isipokuwa bahari huwa bado baridi kwa mtu aliyezoea kuoga Tanga.

Nikuonye jambo moja ambalo wauzaji wa safari hawalisemi. Gulet ina milingoti na matanga mazuri ya kutazama, lakini nyingi huenda kwa injini karibu safari nzima, na tanga hupandishwa kidogo ili abiria wapige picha. Kama nia yako ni kusafiri kwa upepo, uliza kabla hujalipa, tena kwa maandishi, ni siku zipi injini itazimwa. Kwa upande wa mama, chombo hicho ni afueni: ni kipana na kizito, hakisukwisukwi kama mashua nyembamba za mashindano, na usiku hulala ghubani. Mwombee chumba cha katikati, si cha omoni, yaani mbele.

Utaona pia wanavyofunga chombo, jambo lililonishangaza nilipoanza kazi huko. Nanga huangushwa omoni, kisha baharia huogelea na kamba ya tezi, yaani ya nyuma, hadi ufukoni na kuifunga mtini au mwambani, na chombo hukaa hivyo, mita chache kutoka kwenye mawe, hadi asubuhi. Kwetu maji ya bamvua yangekilaza ubavu mchangani kabla ya alfajiri. Kule maji hupwa na kujaa kwa kiasi ambacho kwa kawaida hakifiki hata nusu mita, ndiyo maana hakuna anayekosa usingizi.

Binti Shangani (Izmir) anajibu:

Shikamoo Mwalimu, na shikamoo Nahodha. Mimi ninasoma akiolojia huku, nami naunga mkono pwani ya Lycia, yaani hiyo ya kutoka Fethiye hadi Demre, ingawa kwa sababu nyingine.

Huo mlango wa mbele unaoutafuta, Mwalimu, katika miji mingi mashuhuri haupo tena, kwa kuwa bahari yenyewe imeihama. Ephesus ilikuwa bandari kubwa, lakini mto uliijaza udongo, na leo mji uko kilomita kadhaa kutoka majini. Abiria wa meli hushuka Kuşadası na kupanda basi kama mtalii mwingine yeyote. Patara, uliokuwa mji wa bandari wa Lycia na ambao ukumbi wake wa baraza la muungano wa miji umefukuliwa na kukarabatiwa, bandari yake imezibwa na mchanga na kuwa kinamasi, hivyo nao huendewa kwa gari. Kabla ya kukubali ratiba yoyote, tazama kila jina na uulize kama chombo kinatia nanga pale pale au kama umeuziwa safari ya basi yenye jina la bahari.

Mahali ambapo bado unaingia kama walivyoingia wao ni Knidos, kwenye ncha ya rasi ya Datça. Mji huo una bandari mbili zilizotenganishwa na ukanda mwembamba wa nchi kavu: ndogo ya kaskazini, iliyokuwa ya manowari, na kubwa ya kusini, ambamo mashua za leo hutia nanga chini ya ukumbi wa maonyesho unaotazama maji. Hapo ndipo iliposimama sanamu ya mungu wa kike Aphrodite iliyochongwa na Praxiteles katika karne ya 4 KK, ambayo watu walivuka bahari kwenda kuitazama. Sanamu yenyewe ya asili imepotea, na zilizobaki ni nakala za enzi za Warumi. Simba mkubwa wa marumaru aliyekuwa juu ya kaburi karibu na mji huo alichukuliwa na Mwingereza Charles Newton katika miaka ya 1850, na sasa yuko London. Tatizo ni kwamba Knidos iko upande ule ule wenye upepo ambao Nahodha ameutaja.

Kwa hiyo kwenu nyinyi naona Kekova inatosha. Matetemeko ya ardhi yalididimiza sehemu ya pwani hiyo, na leo unapita taratibu kando ya ngazi zilizochongwa mwambani zinazoshuka hadi chini ya maji, kuta za nyumba, na vigae vya mitungi chini. Kuogelea na kupiga mbizi juu ya mabaki hayo kumekatazwa, na nahodha atakayekuambia kwamba yeye ana njia yake, mkatalie. Ng'ambo ya kisiwa cha Kekova kuna Simena, kijiji chenye ngome kilimani, na ndani ya ngome kuna ukumbi mdogo wa maonyesho uliochongwa katika mwamba mmoja. Chini yake jeneza la jiwe la Kilycia limesimama peke yake ndani ya maji. Kilima hicho kina ngazi nyingi. Pandeni mapema asubuhi.

Hata hivyo, msiiruke Bodrum. Fikeni huko kwa ndege siku moja kabla na mwende kwenye makumbusho ya akiolojia ya chini ya maji, yaliyomo katika ngome ya mashujaa wa Mtakatifu Yohane, jeshi la kidini la Wakristo wa Ulaya. Ngome yenyewe ni somo, kwa sababu mashujaa hao, walioanza kuijenga mwanzoni mwa karne ya 15, walitumia mawe ya kaburi la Mausolus, mtawala aliyefariki mwaka 353 KK na ambaye kaburi lake lilihesabiwa miongoni mwa maajabu saba ya dunia. Ndani yake kuna shehena ya jahazi la Uluburun, chombo cha kale kilichozama katika pwani ya Lycia. Mwaka 1982 mzamiaji wa sponji aliripoti kwamba karibu na Kaş ameona chini ya bahari biskuti za chuma zenye masikio. Zilikuwa mikate ya shaba, yaani shaba iliyoyeyushwa na kuumbwa vipande vya kubebwa. Uchimbaji ulianza mwaka 1984 na kuendelea hadi 1994, chini ya George Bass na baadaye Cemal Pulak, kwa maelfu ya mizamo ya muda mfupi mfupi kwa sababu ya kina kirefu. Chombo hicho kilizama mwishoni mwa karne ya 14 KK kikiwa na takriban tani 10 za shaba na tani moja ya bati, vioo vya rangi ya buluu, mitungi ya utomvu, pembe za ndovu, meno ya kiboko, maganda ya mayai ya mbuni, na magogo ya mpingo.

Ndiyo, Mwalimu, mpingo huu huu wa Wamakonde. Wataalamu wa mbao wameutambua kuwa ni jamii hiyo hiyo ya mti. Hii haina maana kwamba magogo yalitoka Lindi, kwa sababu mpingo huota pia Sudan na Ethiopia, na njia inayoelekea kuwa ya kweli ni kupitia Misri. Lakini nilipoyaona kwenye sanduku la kioo sikuondoka hapo upesi.

Mkaazi wa Kypseli (Athens) anajibu:

Shikamoo Mwalimu. Naona wenzangu wameshakuhamishia Uturuki, nami sipingi habari ya upepo, lakini Delos isitupwe kirahisi namna hiyo. Ni kisiwa kidogo kikavu, hakuna anayeruhusiwa kulala huko, na tangu mwaka 426 KK Waathene walikataza mtu kuzaliwa wala kufia hapo kwa kuwa waliamini ni mahali alipozaliwa mungu wao Apollo. Watalii huonyeshwa simba wa marumaru na sakafu za vigae vya rangi. Kinachosemwa haraka haraka, kama kinasemwa, ni kwamba baada ya Warumi kuifanya bandari huru, isiyotoza ushuru, mnamo 167 KK, Delos ikawa soko kuu la watumwa. Strabo, mwanajiografia wa kale, ameandika kwamba iliweza kupokea na kuwasafirisha tena watumwa elfu kumi kwa siku moja. Hesabu hiyo yaweza kuwa imetiwa chumvi, lakini mwalimu wa historia anayetoka pwani yetu atayatazama maghala na magati yale kwa jicho ambalo kiongozi wa watalii hana.

Habari njema ni kwamba huhitaji safari ya wiki. Kutoka Mykonos kuna mashua za asubuhi zinazofika kwa takriban nusu saa na kurudi alasiri, bahari ikiruhusu. Beba maji na kofia, kwani kivuli hakuna.

Santorini mimi ningeiacha. Akrotiri, mji uliofunikwa na majivu ya volkano zaidi ya miaka 3,500 iliyopita, ni wa ajabu, ila uko chini ya paa la kisasa na hauonekani kutoka baharini. Isitoshe, mchoro wa ukutani wa msafara wa merikebu, ambao mpenzi wa vyombo angeutamani kuliko yote, umehifadhiwa katika makumbusho ya taifa hapa Athens.

Mwalimu wa Pongwe anaandika tena:

Nawashukuru sana. Habari ya mpingo imemaliza ubishi nyumbani: tutaanza na makumbusho ya Bodrum, twende Fethiye kwa basi, kisha tupande gulet hadi Demre mwishoni mwa Septemba. Delos itasubiri siku yake. Nina swali moja la nyongeza. Wakala wetu anasema tukifika Kaş tunaweza kuvuka hadi kisiwa cha Kastellorizo kwa kuwa ni karibu mno. Je, inahitaji viza nyingine?

Binti Shangani anajibu:

Inahitaji, Mwalimu. Kastellorizo unakiona kwa macho kutoka Kaş, lakini ni Ugiriki, na Ugiriki imo katika eneo la Schengen, la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, ilhali Uturuki haimo. Kwa pasipoti ya Tanzania utahitaji viza ya Schengen pamoja na bima ya safari yenye kinga isiyopungua euro 30,000, hata kama unakwenda kunywa kahawa na kurudi jioni. Na kwa kuwa mtatoka Uturuki na kuingia tena, hakikisheni viza ya Kituruki inaruhusu kuingia zaidi ya mara moja, la sivyo mtabaki kisiwani mkilitazama begi lenu ng'ambo. Kwa gharama hiyo ya saa chache, mimi ningebaki Kaş, ambako kuna ukumbi wa kale wa maonyesho unaotazama kisiwa hicho hicho.

Nahodha Mstaafu anajibu:

Niongeze mawili. Kwenye gulet viatu hukusanywa kapuni mara tu mnapopanda, na mnatembea pekupeku ubaoni hadi mnaposhuka, kwa hiyo msijaze mabegi viatu. Jozi moja yenye nyayo za kushika vizuri inatosha, kwa sababu mawe ya magofu yamesuguliwa na miguu ya watu na huteleza. La pili, vyombo vingi vinavyotangaza safari ya Fethiye hadi Olympos kwa kweli huishia Demre, na abiria hupakiwa basi papo hapo. Nyinyi mwambieni nahodha mapema kwamba mnashukia Demre, mlale hapo usiku mmoja. Makaburi ya mji wa kale wa Myra yaliyochongwa kwenye jabali na kanisa la Mtakatifu Nikolao yako karibu na mji, nayo hutazamwa kwa raha asubuhi, kabla mabasi ya Antalya hayajafika.