AirTag ndani ya sanduku la mama: iachwe ikiwaka?

Mwana wa Kisauni
Asalaam alaikum jamani. Mamangu aenda Umra wiki ijayo. Atapanda hapa Mombasa, uwanja wa Moi, aunganishe Nairobi, kisha Jeddah. Ana miaka 67 na hajapanda ndege maisha yake. Nimenunua AirTag, kile kidude cha Apple cha kuonyesha kwenye simu mzigo ulipo, niitie ndani ya sanduku lake, maana nimesikia mizigo mingi hupotea kwenye kuunganisha. Sasa ammi yangu amenitia hofu: asema kila kisichokuwa na waya lazima kizimwe ndegeni. AirTag yenyewe haina hata swichi! Pawabenki yake ya 20,000 mAh ameshaifunga humo humo sandukuni, pamoja na dawa za presha. Simu yangu ni iPhone, yake Tecno. Nisaidieni.

Fundi wa Mwembe Tayari
Wa alaikum salaam. AirTag iache. Inatumia betri ya CR2032, ile ya duara kama sarafu. Kwa mzigo unaokwenda chini, tumboni mwa ndege, kifaa kinachowaka chaweza kuwa na lithiamu isiyozidi gramu 0.3, na ya hiyo betri ni karibu gramu 0.1 tu. Ukibadilisha betri, epuka zile zilizopakwa kitu kichungu ili watoto wasimeze. Baadhi hazishiki vizuri ndani ya AirTag.

Mama Rukia, Likoni
Mwanangu, ammi yako hakutunga. Oktoba 2022 Lufthansa, shirika la ndege la Ujerumani, ilisema vidude hivi vizimwe, watu wakapiga kelele, na siku chache baadaye, baada ya mamlaka ya anga ya Ujerumani kuona havina hatari, ikaviruhusu. Vyatumia Bluetooth, na hata simu ikiwa kwenye Hali ya Ndegeni, hiyo Bluetooth waweza kuiwasha tena kwa ajili ya vile vya masikioni.

Linaloniumiza ni hiyo pawabenki. Itoe leo! Lithiamu ikishika moto chini kwenye mizigo hakuna wa kuiona mapema. Ikiwa juu na abiria, wahudumu wataikabili. Yake ni kama Wh (wati-saa) 74, chini ya 100, kwa hivyo haihitaji kibali, lakini lazima iwe kwenye mkoba wa mkononi. Na asiiweke kwenye kabati la juu, akae nayo karibu. Tangu ndege ya Air Busan iungue Korea Kusini Januari 2025, mashirika yamekaza sana. Dawa nazo zitoke humo, akae nazo yeye.

Nakwambia kwa uchungu wa yaliyonipata. Nilikuwa natoka Muscat na sanduku la nguo za harusi ya binti yangu, na halwa kopo sita. Nikasimama pale Moi mpaka mkanda ukasimama, likabaki begi moja jekundu la mtu linazunguka peke yake. Kijana wa dawati akaniambia mzigo uko njiani. Nikamwonyesha simu: sanduku lilionekana mara ya mwisho kwenye mji nilikounganisha, saa tano zilizopita. Hapo ndipo alipoinua simu ya mezani. Nikalipata siku ya tatu, jioni ya hina, na makopo mawili yamepasuka juu ya dera.

Jambo moja: usitoke uwanjani bila kuandikiwa ripoti ya mzigo, na kile kikaratasi cha mistari unachopewa ukikabidhi mzigo usikitupe. Mzigo ukiharibika, lalamika kwa maandishi ndani ya siku 7. Usipofika kwa siku 21, wahesabiwa umepotea, nawe wadai fidia.

Mwana wa Kisauni
Mola akuzidishie, mama. Je, mimi nikiwa huku Kisauni nitaliona lilipo?

Fundi wa Mwembe Tayari
Utaliona palipo na iPhone za watu karibu nalo. Haina GPS, hutegemea simu za wapita njia. Angani litanyamaza, usihangaike. Ila mtayarishe mamako: Tecno yake huenda ikamwonya kwamba kifuatiliaji kisichojulikana kinasafiri naye. Mwambie ni chako, asije akakitupa.

Mwana wa Kisauni
Nimefungua sanduku saa hizi. Pawabenki ilikuwa chini kabisa, imezungushiwa leso mbili. Mama auliza sasa simu ataichaji wapi huko njiani, nimemwambia Nairobi tutamtafutia soketi. Dawa ziko kwenye mkoba wake mweusi, na AirTag nimeishonea kwenye bitana ya sanduku, upande wa mpini.